Je, Wajua? Saa Janja na Siri ya Kuamka Bila Mawenge

Mhudumu wa hoteli Diani anayeingia zamu ya alfajiri, mwendesha boda wa Ukunda, mvuvi wa Msambweni: wote hawa siku zao huanza gizani. Sasa kuna saa za mkononi zinazopima usingizi na kuahidi kukuamsha vizuri. Kabla hujanunua, je, wajua kwamba…

• Usingizi huja kwa mizunguko ya takriban dakika 90, mara nne hadi sita kwa usiku? Ukishtuliwa ndani ya usingizi mzito, unaamka na mawenge yanayoweza kudumu nusu saa. Usingizi ukiwa mwepesi, unainuka upesi.

• Kengele janja huvizia usingizi huo mwepesi? Unaipa nafasi ya nusu saa, tuseme kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja alfajiri. Ikihisi unajigeuzageuza, inalia hapo hapo. Programu ya Sleep Cycle kutoka Sweden ilianza kazi hiyo mwaka 2009, simu ikiwekwa kitandani.

• Saa haisomi ubongo? Hupima mtikisiko wa mkono, na vitaa vya kijani mgongoni mwake humulika ngozi kuhesabu mapigo ya moyo. Basi ukijilaza tuli ndani ya chandarua, macho yamekutoka, huenda ikakuandikia kuwa umelala.

• Wahadza wa Tanzania walishavalishwa vifaa vya aina hii? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20. Muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu.

• Mwezi nao una mkono wake? Vipimo vya mkononi nchini Argentina, vilivyochapishwa mwaka 2021, vilionyesha watu huchelewa kulala na hulala kidogo siku za kuelekea mwezi mpevu.

• Mvuvi wa Gazi au Shimoni hawezi kutumia kengele ya saa ile ile daima? Maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, na safari yake hufuata maji.

• Diani iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mawio hayabadiliki sana? Novemba jua huchomoza dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, Julai takriban saa kumi na mbili na nusu. Nuru ya asubuhi ndiyo inayorekebisha saa ya mwili, ile ambayo utafiti wake uliwapa wanasayansi Hall, Rosbash na Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017.

• Mlio una uzito? Utafiti wa Australia wa mwaka 2020 uliona kwamba waliotumia mlio wenye lahani waliripoti mawenge machache kuliko waliotumia mlio usio na lahani.

• Alama za usingizi ambazo saa hukupa zinaweza kukunyima usingizi? Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walieleza wagonjwa waliohangaika kusaka alama nzuri hadi wakalala vibaya zaidi.

Saa hupima tu, haikuongezei usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kazi ikikuruhusu, lala na uamke wakati mmoja kila siku, kisha fungua dirisha uingize nuru. Na ukiwa unalala vya kutosha lakini bado unasinzia mchana, au unakoroma hadi pumzi inakatika, nenda ukamwone daktari.