Maadili ya Kikristo katika uongozi wa taasisi: Funzo la pwani ya Kilwa na Lindi

WEMA wa kiongozi ni jambo la kushukuriwa, lakini si jambo la kutegemewa peke yake. Kwa wakazi wa pwani ya Kilwa na Lindi, ambako Waislamu ndio wengi na ambako hospitali na shule kadhaa zimejengwa na makanisa, kauli hiyo si nadharia ya semina. Inagusa nani anatibiwa, nani anaajiriwa na fedha ya umma inatumikaje.

Maadili ya Kikristo katika uongozi wa taasisi ni somo linalofundishwa vyuoni na kuhubiriwa makanisani. Mara nyingi huelezwa kama orodha ya sifa: uaminifu, unyenyekevu, huruma na haki. Orodha hiyo haina kasoro, ila inaacha maswali mawili bila majibu. La kwanza, sifa hizo zinamlindaje mtu asiye wa dini ya kiongozi? La pili, kiongozi huyo akiondoka, sifa hizo zinabaki wapi?

Historia ya Kilwa na Lindi inatoa majibu yenye uzito kuliko vitabu vingi vya menejimenti.

Msingi wa mafundisho

Injili zinamwekea kiongozi mambo matatu. Katika Mathayo sura ya 20, Yesu anatofautisha watawala wanaowakandamiza watu wao na wafuasi wake, ambao kwao anayetaka ukubwa sharti awe mtumishi. Katika Yohana sura ya 13 anaitekeleza kauli hiyo kwa kuwaosha wanafunzi wake miguu. Katika Luka sura ya 16, wakili wa tajiri anaitwa atoe hesabu ya mali aliyokabidhiwa.

Kwa ufupi, mamlaka ni utumishi, mali ya taasisi ni dhamana, na kila aliyekabidhiwa atadaiwa hesabu.

Mwaka 1970 Mmarekani Robert Greenleaf, aliyestaafu baada ya kufanya kazi kwa muda mrefu katika kampuni ya simu ya AT&T, aliandika insha iliyoyafanya mawazo ya namna hiyo yaingie katika mafunzo ya mameneja. Kipimo chake kilikuwa rahisi: je, wanaotumikiwa wanakua kama binadamu, na je, mnyonge kuliko wote ananufaika au walau hazidi kuumia?

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo matatu lililo geni kwa Mwislamu. Kurani inaagiza amana zirejeshwe kwa wenyewe, na sura yake ya 42 inaitwa Ash-Shura, yaani mashauriano. Lugha yenyewe ni shahidi. Amana, dhamana, haki, hesabu na adili ni maneno yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na ndiyo hayo hayo ambayo padri au mchungaji wa Lindi huyatumia anapohubiri juu ya uongozi. Kabla ya kukaa mezani kujadili maadili ya pamoja, Mkristo na Mwislamu wa pwani hii tayari wanayo msamiati mmoja wa kuyataja.

Sultani mkarimu na mrithi wake

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani, wakati huo ukiwa mji mkuu wa biashara ya dhahabu na pembe katika upwa wa Afrika Mashariki. Alimkuta Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa jina la heshima la Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipaji au zawadi.

Ibn Battuta anasimulia kuwa sultani huyo alitenga sehemu moja kati ya tano ya ngawira kwa matumizi yaliyoagizwa na Kurani, na kwamba fungu la masharifu aliliweka katika hazina ya peke yake ili wanapofika walikute. Kwa lugha ya leo, fedha ya amana haikuchanganywa na fedha ya mkuu. Ni vema kukumbuka kwamba ngawira hiyo ilitokana na uvamizi dhidi ya majirani wa bara, kwa hiyo ukarimu huo ulikuwa na upande wake wa giza.

Msafiri huyo anaongeza habari ya Daud, ndugu wa sultani aliyerithi kiti. Daud alikuwa kinyume chake. Muombaji alipofika alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutoa.

Hapo ndipo penye funzo. Ukarimu wa Al-Hasan ulikuwa mali ya moyo wake, nao ulizikwa pamoja naye. Taasisi inayotegemea moyo wa mtu mmoja ina umri wa mtu mmoja.

Mwaka 1905: Wema uliofanana na dola

Jaribio kubwa zaidi lilikuja karibu karne sita baadaye. Mwezi Julai 1905, katika milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, wananchi waling'oa pamba walizolazimishwa kulima na serikali ya Wajerumani. Kazi ya shuruti, kodi na ukatili wa maakida vilikuwa vimewachosha. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji yaliyoaminika kuwa kinga dhidi ya risasi, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti, lakini Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha kuenea.

Mwezi huo huo Askofu Cassian Spiss wa shirika la Wabenediktini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, waliuawa eneo la Liwale wakiwa safarini kutoka Kilwa kuelekea Peramiho. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa na kuharibiwa. Vita hivyo na njaa iliyofuata viliua Waafrika wanaokadiriwa kati ya 75,000 na 300,000.

Wamisionari hao walikuja na shule na dawa. Hata hivyo, kwa mkulima aliyechapwa viboko shambani, haikuwa rahisi kumtenganisha Mjerumani mwenye Biblia na Mjerumani mwenye bunduki. Nia njema ndani ya taasisi haikuonekana kwa walio nje, kwa sababu hapakuwa na njia yoyote ya mwananchi kuiuliza, kuikosoa au kuidai hesabu.

Hilo ni funzo la pili. Maadili ambayo anayehudumiwa hawezi kuyaona wala kuyahoji, kwake ni sawa na hayapo.

Kanuni iliyoandikwa

Wabenediktini walirejea, na mwaka 1906 walianzisha kituo cha Ndanda, ambacho baadaye kilikuwa abasia. Walibeba waraka wa zamani: Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6 ikiwa na sura 73. Ingawa ni mwongozo wa watawa, sehemu zake nyingi zinasomeka kama taratibu za uendeshaji wa taasisi.

Sura ya 3 inamtaka abati awaite ndugu wote penye jambo zito, na asikilize hata vijana, kwa kuwa hekima haina umri. Sura ya 31 inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vya kazi kana kwamba ni vyombo vya altare. Sura ya 32 inamtaka abati awe na orodha ya vifaa, ajue alichokabidhi na alichorejeshewa. Sura ya 57 inaagiza kwamba bidhaa za monasteri ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya wengine, ili tamaa isiingie mlangoni.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kanuni hii haikuridhika kumwambia abati awe mwaminifu. Ilimtaka aandike orodha. Unyenyekevu uligeuzwa kuwa kikao, na uaminifu ukageuzwa kuwa daftari. Hapo ndipo Kilwa ya mwaka 1331 ilipokosea: hazina ilitengwa, lakini utaratibu wa kumfunga mrithi haukuwapo.

Kuachia nafasi

Mfano mwingine ni wa Kanisa Anglikana. Trevor Huddleston, kasisi Mwingereza aliyekuwa amejulikana duniani kwa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alikuwa Askofu wa Masasi, dayosisi ya kusini mwa Tanzania, kuanzia mwaka 1960. Alikuwa rafiki wa Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1968 aliondoka, na nafasi yake ikashikwa na Mtanzania, Hilary Chisonga.

Kiongozi anayeamini kwamba mamlaka ni utumishi hana budi kujiandaa kuondoka. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeongoza nchi ya dini nyingi, alifanya hivyo aliponga'tuka urais mwaka 1985. Kabla ya hapo, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeweka miiko ya viongozi: kutokuwa na hisa katika makampuni, kutopokea mishahara miwili, kutopangisha nyumba. Miiko hiyo haikunukuu Biblia wala Kurani, lakini waumini wa dini zote waliielewa.

Ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi kutoa tamko la mali na madeni yao. Mtu anaweza kubishana juu ya ukali wa sheria hiyo, lakini msingi wake ni ule ule: maadili yasibaki kifuani.

Mkataba wa 1992 na swali la haki

Mtihani wa leo uko katika huduma za jamii. Mwaka 1992, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, Serikali na makanisa walitia saini hati ya makubaliano juu ya huduma za afya na elimu. Mwaka huo huo Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili kuratibu kazi hiyo. Chini ya ubia wa namna hiyo, hospitali za makanisa hupata ruzuku na watumishi wanaolipwa na Serikali.

Baadhi ya taasisi za Kiislamu zimekuwa zikiulalamikia mpango huo kwa miaka mingi, zikidai kuwa fedha ya walipa kodi wote inaimarisha dini moja. Wanaoutetea hujibu kwamba hospitali hizo zinatibu watu wote na kwamba nyingi ziko vijijini, mahali ambapo Serikali isingefika mapema.

Katika mkoa wa Lindi hoja hizo mbili zinakutana mlango mmoja. Hospitali ya Mtakatifu Walburga iliyopo Nyangao, kando ya barabara ya Lindi kwenda Masasi, ni ya Kanisa Katoliki, katika eneo lile lile ambako misheni iliharibiwa mwaka 1905. Wilayani Kilwa, Kipatimu katika Umatumbi nako kuna hospitali ya misheni. Mama mjamzito anayepokelewa katika hospitali kama hizo, mara nyingi ni Mwislamu.

Mama huyo hana haja ya hotuba juu ya uongozi wa Kikristo. Anataka kujua kama bei ya dawa imebandikwa ukutani, kama zamu inafuatwa bila kujali jina, na kama akidhulumiwa kuna mtu wa kumsikiliza. Akiyapata hayo, maadili ya Kikristo yamemfikia bila yeye kubadili imani. Akiyakosa, msalaba ulioko juu ya paa hautamsaidia, na lalamiko la wanaopinga ruzuku litakuwa limepata ushahidi.

Vipimo vinne

Kutokana na historia hiyo, taasisi yoyote inayodai kuongozwa na maadili ya Kikristo katika jamii yenye dini nyingi inaweza kujipima kwa mambo manne.

Kwanza ni hesabu. Fedha ya ruzuku, ya wafadhili na ya wagonjwa itengwe, ikaguliwe, na taarifa yake isomwe mbele ya wanaohudumiwa, si mbele ya askofu na wafadhili peke yao.

Pili ni mashauriano. Bodi ya hospitali au ya shule iliyo katika kijiji cha Waislamu, isiyo na Mwislamu hata mmoja, inajinyima masikio. Kuwapo kwake hakupunguzi Ukristo wa taasisi. Kunatimiza agizo la kusikiliza wote.

Tatu ni ajira na nidhamu. Kigezo kiwe sifa na mwenendo. Mwajiri anayempendelea muumini mwenzake mzembe, au ndugu yake, ameivunja haki ambayo Injili na Kurani zote zinaihubiri. Kadhalika, kupanga zamu kwa kuzingatia sala ya Ijumaa na mfungo wa Ramadhani, kama inavyozingatiwa Jumapili na Krismasi, si fadhila bali ni heshima ya kawaida kazini.

Nne ni urithi. Kila utaratibu mzuri uandikwe, ili mkuu mpya asiweze kusema, kama Daud wa Kilwa, kwamba aliyekuwa akitoa amekufa.

Vipimo hivi haviwahusu Wakristo pekee. Chama cha msingi cha ushirika kinachouza korosho au ufuta wa wakulima wa Lindi, ambamo mwenyekiti anaweza kuwa Mwislamu na mhasibu Mkristo, kinahitaji daftari lile lile na kikao kile kile. Mkulima aliyecheleweshewa malipo hamuulizi mhasibu anasali wapi.

Mali ya amana haina mwenyewe hadi irudi kwa mwenyewe. Kiongozi Mkristo anayeongoza taasisi Kilwa au Lindi amekabidhiwa amana na watu ambao wengi wao hawashiriki ibada yake. Kazi yake si kuwathibitishia kuwa ni mwema. Ni kuweka mambo wazi kiasi kwamba hawahitaji kubahatisha.