Kabla ya Kununua Vipande vya Ordinatere

Ndugu wanafunzi, wengi wananiuliza kama mtu anaweza kujitengenezea ordinatere nyumbani, kwa kununua vipande kimoja kimoja. Ndiyo, anaweza. Lakini kuna vipande vinavyoingiana bila kupatana, na franga ya mzazi ikishaingia dukani hairudi.

Anzeni na prosesere, maana ndiyo inachagua karte-mere. Ile ya AMD ya soketi AM4 iko na miguu 1331. AM5, iliyotoka 2022, haina miguu: pini zake 1718 ziko katika karte. Hapo macho yanatosha. Hatari ni Intel LGA 1151. Prosesere za kizazi cha 8 za mwaka 2017 zinaingia vizuri sana katika karte za 2015, soketi moja, lakini ordinatere haianzi. Zinataka karte za mfululizo wa 300. Basi someni namba ya karte, msiridhike na "itaingia tu" ya muuzaji.

Memori DDR4 na DDR5, zote ziko na meno 288, ila mkato hauko mahali pamoja. Ikikataa, msisukume!

Alimantasyo nyingi za zamani ziko na kifungo kidogo nyuma: 115 ao 230. Kwetu kuran ni 220, basi kiwe 230 mbele ya kuchomeka. Kikibaki 115, ni mlio na moshi.

Mwenye orodha yake ailete kwangu kisha masomo ya jioni, tuitazame pamoja mbele hajalipa.