USAFI NA AFYA YA NYUMBA: Mjue nondo wa mahindi kabla hujakimbilia sumu



Makala ya leo tunaielekeza zaidi kwa ndugu zetu wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ingawa hata wewe uliye mbali, ikiwa una gunia la mahindi ndani, basi yanakuhusu. Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012 Kyerwa ilipogawanywa. Ndizi ndiyo chakula kikuu huko, lakini karibu kila nyumba ina mahindi na maharage yaliyowekwa akiba. Na kwa kuwa watu wanahofia wezi, akiba hiyo mara nyingi hukaa ndani ya nyumba, wakati mwingine chumba kilekile wanacholala watoto.

Miezi michache baada ya mavuno, jioni taa ikiwashwa, wanaanza kuonekana vipepeo vidogo vya rangi ya majani makavu vikizunguka ukutani na juu ya magunia. Mama anavifagia, kesho vinarudi. Baba anakwenda dukani, anauliza "dawa ya wadudu wa mahindi", anapewa vidonge, anavitumbukiza guniani na kulifunga. Usiku familia inalala pembeni ya gunia hilo. Ndugu msomaji, kosa hili linaweza kuua nyumba nzima. Ndiyo maana tunasema: kwanza mjue mdudu wako.

Ni mdudu gani huyu?

Huyu ni nondo wa nafaka. Wataalamu humwita Sitotroga cerealella. Jina lake la mitaani huko Ulaya limetokana na jimbo la Angoumois nchini Ufaransa, ambako katika karne ya 18 aliharibu ngano kiasi cha kuwafanya wataalamu wa wakati huo watumwe kumchunguza. Leo yuko karibu kila nchi yenye joto inayolima mahindi, mtama, ngano au mpunga.

Ukitaka kumtambua, mwangalie akiwa ametulia ukutani. Urefu wake ni kama punje ya mchele. Mabawa yake ni membamba, ya rangi ya majani makavu yenye mng'ao kidogo, na ameyakunja juu ya mgongo. Akiyafungua, kutoka ncha hadi ncha ni milimita 10 hadi 18 tu. Bawa la nyuma lina manyoya marefu pembeni, na ncha yake imechongoka mfano wa kidole. Ukimgusa anaacha vumbi vidoleni. Hayo ni magamba ya mabawa yake.

Usimchanganye na wengine

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kila mdudu wa ghalani huitwa "fukuzi".

Kwanza, wapo nondo wa unga. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya debe la unga, mchele au karanga, na viwavi vikitambaa juu yake, huyo si nondo wa nafaka tunayemzungumzia. Mmoja wa nondo hao wa unga ana mabawa ya rangi mbili: upande wa kichwani yamepauka, upande wa nyuma mekundu kama shaba. Dawa yake ni kutupa unga ulioharibika, kuosha chombo kwa maji ya moto, kukikausha na kukifunika vizuri.

Pili, fukuzi mwenyewe. Huyu ni mdudu mgumu, wa kahawia iliyoiva, mwenye pua ndefu. Tundu lake kwenye punje halina umbo zuri.

Tatu, dumuzi, ambaye wengine humwita Scania. Huyu ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, na hapa Tanzania alijulikana kwanza mkoani Tabora miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980. Alama yake ni unga mwingi: punje inageuka vumbi.

Nne, wadudu wa maharage. Ukiona vidirisha vya mviringo kwenye maharage, usimlaumu nondo. Hao ni wadudu wadogo wa mviringo wenye mabawa magumu. Nondo wa nafaka hali maharage.

Maisha yake kutoka yai hadi bawa

Nondo jike hutaga mayai mengi, yanaweza kufika 200, juu ya punje au katikati ya mistari ya gunzi. Yai likitagwa ni jeupe, kisha hugeuka jekundu. Jambo la kushangaza ni kwamba kazi hii mara nyingi huanzia shambani, mahindi yakiwa bado yamesimama. Kwa hiyo familia inayochelewa kuvuna inambeba nondo kutoka shambani na kumleta nyumbani kwa mikono yake.

Yai likianguliwa, hutoka kiwavi mdogo sana, anatoboa punje na kuingia. Tundu la kuingilia ni dogo mno, jicho halilioni. Akishaingia hatoki tena. Anakula moyo wa punje akiwa ndani, naye ukimtazama kwa nje unaona mahindi mazima mazuri. Akikaribia kukomaa, anakwangua njia hadi kwenye ganda na kuacha ngozi nyembamba tu, kama kidirisha cha mviringo. Kisha anatulia ndani na kuwa bundo. Mwishowe nondo anasukuma kidirisha kile na kuruka. Unachokiona wewe ni tundu moja safi la mviringo, na punje tupu.

Katika joto la nyuzi 30 safari yote hii huchukua wiki tano hivi. Kwenye nyanda za juu zenye ubaridi kama Karagwe, muda huo hurefuka, na chini ya nyuzi 16 hakui. Hivyo vipepeo unavyoviona leo ni matokeo ya mayai ya wiki nyingi zilizopita. Nondo mkubwa mwenyewe hali nafaka. Huishi siku chache, hupandana, hutaga, hufa. Kumuua yeye kwa ufagio na kuacha punje guniani ni kufukuza moshi na kuacha moto.

Je, ana madhara kwa afya?

Nondo huyu haumi wala hana sumu. Lakini magamba na vumbi lake vinaweza kumsumbua mwenye pumu au mzio wa kifua. Pia mahindi yaliyotoboka hupoteza uzito, hunuka, na hayafai kwa mbegu kwani mengi hayaoti. Yakiwa na unyevu pia, kuvu huingia kwa urahisi, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mahindi yenye kuvu usiyale, usiyasagie watoto uji, wala usiyafanye fitri. Fitri ni chakula cha masikini, si mahali pa kutupia uchafu wa ghala.

Hatari ya vidonge

Vile vidonge vya kufukiza nafaka, vikikutana na unyevu wa hewa, hutoa hewa yenye sumu kali iitwayo fosfini. Wengine huisikia ikinuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usingoje harufu. Gunia la kawaida haliizuii. Hewa hiyo hutoka, hujaa chumbani, na aliyelala huivuta. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kifua kubana na kupumua kwa shida. Haina dawa maalumu ya kuiondoa mwilini, na maziwa si tiba yake. Likitokea, toeni watu nje kwenye hewa safi na kimbilieni hospitali haraka, mkieleza jina la dawa iliyotumika. Vidonge hivi ni kazi ya wenye mafunzo, kwenye maghala yasiyolaliwa na watu. Visiingie nyumbani kabisa.

Tufanye nini basi?

Vuna mapema mahindi yakishakauka, usiyaache shambani. Chagua magunzi yenye matundu uyatenge. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye chupa, bado ni mabichi. Isipogandia, yaongeze siku moja au mbili za jua kali kabla ya kuyafungia.

Pukuchua. Nondo huyu ni dhaifu, hawezi kupenya chini ndani ya punje zilizoshindiliwa. Madhara yake hubaki juu juu. Gunzi lililoning'inizwa ndilo karamu yake, isipokuwa lile lililo kwenye moshi wa jikoni.

Kisha tumia mifuko ya kinga njaa, yenye matabaka matatu: miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kawaida nje. Mahindi makavu yakifungwa humo barabara, kila mfuko peke yake, wadudu hukosa hewa na kufa bila sumu yoyote. Ulinde na panya, kwani tundu moja linaharibu kazi yote.

Kabla ya mavuno mapya, fagia ghala, ziba nyufa, anika magunia ya zamani juani, na usichanganye mahindi mapya na ya mwaka jana. Ukilazimika kutumia dawa ya unga, iwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa nafaka ya kuliwa, ikiwa kwenye pakiti yake yenye maelezo, na muulize afisa ugani wa kata yako kipimo.

Ndugu msomaji, chakula ni neema, na kukihifadhi ni katika kuishukuru. Lakini uhai wa wanao ni amana kubwa kuliko gunia. Leo usiku, kabla ya kulala, angalia kilichomo kwenye gunia lililo chumbani. Kama kuna vidonge, toeni watoto humo kwanza, fungueni milango na madirisha, msirudi kulala humo, na mwiteni mtaalamu aje kuliondoa.

Wabillahi tawfiiq.