Kabla ya kulipa kodi ya nyumba, uliza gari la mlimani linalala wapi

Swali la wiki hii si la ugonjwa. Ni la nyumba. Mke anafundisha Chome, juu kwenye milima ya Upare wilayani Same, chini ya kilele cha Shengena. Mume anafanya kazi Same mjini, kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha. Wana ndoa changa, mke ni mjamzito wa miezi mitano, na wanauliza wapange wapi. Ndugu wa pande zote mbili wamewapa jibu moja: kaeni katikati, Makanya, mke apande mlima na mume ashike lami, kila mtu aumie kidogo.

Ushauri huo una sura ya haki. Kwa afya, mara nyingi ndio mbaya kuliko yote. Nitaeleza kwa nini, na nikuombe uendelee kusoma hata kama hujawahi kufika Chome na shida yako wewe ni mwenzako anayekwenda Kibaha wakati wewe unakwenda Kigamboni.

Nyumba ikiwa katikati, watu wawili wanasafiri kila siku, wakielekea pande mbili. Saa ya kwanza ya kengele inawaamsha wote. Anayetoka saa 11 alfajiri anamwamsha anayetoka saa 12, na anayerudi saa 2 usiku anakuta mwenzake anamsubiri na chakula kilichopoa. Usingizi wa nyumba nzima unapimwa kwa yule anayewahi kutoka na yule anayechelewa kurudi, hata kama ni watu tofauti. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba kila usiku. Watani wetu Wachaga husema Wapare ni wabahili. Sawa, basi tuanze ubahili kwenye usingizi, kwa sababu ukipungua mwezi baada ya mwezi unapandisha shinikizo la damu, unaharibu sukari, na unawafanya watu wanaopendana wajibizane kwa hasira kuhusu ndoo ya maji.

Lakini kosa kubwa la ushauri wa katikati ni kwamba unahesabu kilomita. Mlimani kilomita hazisemi kitu. Magari mengi ya milimani, Upare na hata kwa jirani zetu Usambara, yana desturi moja: hulala juu. Alfajiri hushuka na watu wa hospitali, wa soko na wa safari za mbali, mchana au jioni hupanda. Sasa mweke mwalimu wetu Makanya. Asubuhi anahitaji kupanda, magari yanashuka. Alasiri anahitaji kushuka, magari yanapanda. Atabaki na bodaboda, kila siku, akiwa na mimba, kwenye kona za vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Mweke Chome, na mume ndiye asafiri: anashuka na gari la alfajiri, anapanda na la jioni. Barabara ni ileile, lakini mmoja anasafiri na gari na mwingine anasafiri kinyume chake.

Kwa hiyo kabla hujamuuliza mwenye nyumba kodi ni kiasi gani, muulize dereva gari linalala wapi. Kwenye miji mikubwa swali hilo lina sura nyingine: asubuhi foleni inaelekea wapi? Mwenye kwenda kinyume na foleni anaweza kukaa mbali bila kuumia sana. Mwenye kwenda nayo ndiye wa kusogezwa karibu.

Baada ya gari, angalia mwili. Ninyi wawili si sawa mbele ya safari, na hili halihusiani na nani ana nguvu. Watafiti wa Uingereza waliochapisha kazi yao mwaka 2011 walitumia takwimu za kaya zilizofuatiliwa kwa miaka mingi. Waliona kwamba muda mrefu wa kwenda kazini unaathiri afya ya akili ya wanawake, ila kwa wanaume hawakuona athari hiyo. Maelezo yao ni yale ambayo mama yeyote wa Same angewapa bila utafiti: mwanamke akishuka kwenye basi, kazi nyingine ndiyo kwanza inaanza, ya jikoni, ya mtoto, ya mgonjwa wa ukoo. Mwaka huohuo Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, alionyesha kwamba wanandoa ambao mmoja wao anasafiri dakika 45 au zaidi kwenda kazini wana uwezekano wa kutengana ulio juu kwa asilimia 40 hivi kuliko wengine. Sweden wana treni zenye joto na viti vya kulala. Sisi tunazungumzia Noah iliyobeba watu 11 na mbuzi.

Kwa wanandoa hawa kuna jambo zito zaidi, nalo ni mtoto atakayezaliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwanaume ana siku tatu, na hapo sisemi zaidi. Siku 84 ni wiki 12. Tunawashauri akina mama wanyonyeshe maziwa yao pekee, bila maji wala uji, kwa miezi sita, yaani wiki 26 hivi. Zinabaki wiki 14 ambazo mama yupo kazini na mtoto bado hana chakula kingine. Kama likizo ilianza kabla ya kujifungua, pengo ni kubwa zaidi.

Sheria hiyohiyo inamruhusu mama anayenyonyesha kutoka kwenda kumnyonyesha mtoto, hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Wengi hawaijui. Na wanaoijua, wengi haiwasaidii, kwa sababu mtoto yupo safari ya saa mbili kutoka alipo mama. Haki ya saa mbili ina maana tu kama unaweza kwenda nyumbani kwa miguu na kurudi. Mwalimu anayeishi kwenye nyumba ya walimu jirani na shule anaweza. Anayeishi Makanya hawezi, hata mwalimu mkuu akiwa mtu mwema kiasi gani.

Utaniambia akamue aache maziwa nyumbani. Ni njia nzuri na ninaifundisha kliniki. Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi hukaa saa nne kwenye chumba kisichozidi nyuzi joto 25, na siku nne kwenye jokofu. Ila nyuzi 25 ni hali ya Chome, si ya Makanya mchana wa Februari. Tambarare kwenye joto kali muda huo unapungua, na jokofu linategemea umeme. Ubaridi wa mlimani, unaolalamikiwa na kila mgeni, hapa ni rafiki wa mama.

Najua swali linalofuata: na malaria je? Wazee wa Upare wanaweza kukumbuka wapulizaji dawa wa mradi wa malaria wa Pare-Taveta, kati ya 1954 na 1959, walioingia nyumba kwa nyumba na dieldrin. Tambarare ya chini ya milima hii ilichaguliwa kwa sababu malaria ilikuwa nyingi. Mlima wenyewe ni kinga: kimelea cha malaria hukua polepole mno ndani ya mbu penye baridi. Utafiti uliochapishwa 2003 kutoka Usambara ulionyesha kwamba kutoka mita 300 hadi mita 1,700 maambukizi yanashuka zaidi ya mara elfu moja. Hata hivyo, leo mkoa wa Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Usiikimbie Same mjini kwa sababu ya mbu peke yake. Jua tu kwamba mtoto aliyekulia juu hana kinga aliyonayo mtoto wa tambarare, na mbu wa malaria huuma usiku. Baba anayeshuka alfajiri na kupanda jioni hana hatari kubwa. Familia inayoshuka kulala wiki nzima kwa shangazi inahitaji chandarua, na homa yoyote baada ya hapo ipimwe. Usimwambie muuguzi kwamba ninyi ni watu wa baridi na malaria haiwahusu.

Basi, wote tuhamie Chome? Hapana. Kuna familia ambazo ningezishusha kesho. Mtoto mwenye selimundu asiishi penye baridi kali kama kuna namna nyingine, maana baridi huamsha maumivu, na maumivu yakianza usiku anahitaji hospitali, si maombi ya kupata gari. Mwenye pumu naye nina wasiwasi naye juu, kwa ubaridi wa asubuhi na zaidi kwa moshi: penye baridi watu hufunga madirisha na kuota moto wa kuni ndani. Mwenye kuhitaji kliniki za mara kwa mara Same, au rufaa za KCMC kule Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Same, ahesabu safari hizo pia.

Mjamzito ana hesabu yake. Kinachowaua akina mama kwenye uzazi mara nyingi ni kuchelewa: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Kuishi mlimani kunaongeza la pili. Milima hii ina historia, na maporomoko ya Novemba 2009 kule Mamba Miamba yaliua watu baada ya mvua kubwa. Kwa hiyo mwalimu wetu aishi Chome, lakini akifika wiki ya 36 ashuke, akae karibu na hospitali mpaka ajifungue, kwa ndugu au kwenye nyumba ya wajawazito ya kusubiria kama ipo. Akiwa amewahi kufanyiwa upasuaji, ana mapacha au presha imepanda, ashuke mapema zaidi kwa maelekezo ya kliniki. Na ahesabu mvua: tarehe ya kujifungua ikiangukia Aprili, asisubiri wiki ya 36 kamili.

Hapa mume wake aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama watu hawatasema amehamia kwa mke. Watasema. Upareni mwanaume hujenga, mke huja. Nilimjibu kwamba daktari hapimi heshima, hupima presha, na ya mke wake ilikuwa imeanza kupanda. Akacheka kidogo, kisha akauliza gari linashuka saa ngapi.

Yapo maumivu kwa upande wake na sitayaficha. Atatoka usiku na kurudi usiku. Wengine wanaamua kupanga chumba kimoja mjini, kulala huko siku mbili au tatu za wiki na kupanda siku zilizobaki. Kwa wengi inafaa kuliko safari ya kila siku, hasa masika. Ninachokiona kliniki kwa wanaume wa chumba kimoja ni chipsi kila usiku, bia ya upweke, na dawa za presha zilizosahaulika kwenye nyumba ile nyingine. Kama una dawa za kudumu, gawa vidonge mapema vikae sehemu zote mbili. Na kama ninyi ni watumishi wa umma, ombeni uhamisho wa kumfuata mwenza mapema, kwa maandishi, na nakala ya cheti cha ndoa. Kama kuna ugonjwa ndani ya familia, muombe daktari barua. Tunaandika barua hizo, na si upendeleo.

Siku ambazo bodaboda haikwepeki, vaeni kofia ngumu wote wawili, dereva na abiria, na iwe imefungwa kidevuni. Koti zito kwa kupanda, maji ya kunywa kwa kushuka. Mjamzito akitokwa na damu, akivunja chupa au kupata maumivu ya tumbo yanayokuja na kupita, asipande pikipiki kushuka mlima. Apelekwe zahanati ya jirani, na zahanati ndiyo iite gari.

Kodi za nyumba zetu hulipwa kwa miezi sita au mwaka. Panga tarehe ya mwisho ya kodi ilingane na kitu kitakachobadilika mwilini: mwisho wa miezi sita ya kunyonyesha maziwa pekee, mtoto kuacha ziwa, mzee kuja kuishi nanyi, mume kupangiwa zamu za usiku. Tarehe hiyo ikifika mkae tena mezani, mwenye safari nzito wakati huo ndiye asogezewe nyumba. Mwalimu wetu na mume wake wamelipa miezi sita.