Haiwaki? Acha Kununua Wati

Wiki hii nimeulizwa mara nne, na mara zote nne kwa maneno yaleyale: "Fundi, hii pawa saplai ya wati 500 haitoshi, eti? Niongeze iwe 750?" Muulizaji ameshuka mwendokasi kituo cha Gerezani, kompyuta aliyoiunga mwenyewe jana usiku ameipakata kama mtoto mgonjwa. Vifaa vyote vipya. Amebonyeza kitufe, kimya. Kabla ya kufika kwangu amepitia Msimbazi, ambako muuzaji amemwambia mashine imezidiwa, aongeze wati.

Nijibu kwa wote, niache kurudia: wati hazihusiki.

Zile wati 500 ni kikomo cha mzigo ambao pawa saplai inaweza kubeba. Haimaanishi kwamba inazisukuma zote ndani ya mashine. Mashine huchota inachohitaji tu. Ukichomeka plagi bila kubonyeza kitufe, saplai hutoa umeme mdogo wa volti 5 tu kwa ajili ya kusubiri amri. Ukibonyeza, mazabodi huunganisha waya wa amri, ule ambao kwa kawaida ni wa kijani, na waya mweusi, ndipo saplai huamka. Amri hiyo haili wati za kuhesabu. Mashine iliyopungukiwa huwaka vizuri tu. Unafungua gemu, kadi ya picha inaanza kula, halafu inazima ghafla. Hiyo ndiyo njaa. Isiyotikisa hata feni haina njaa: haijaitwa mezani.

Na hizo wati zenyewe umezisoma wapi? Kwenye namba kubwa ya boksi. Geuza saplai usome jedwali dogo ubavuni, mstari wa volti 12, maana hapo ndipo prosesa na kadi ya picha zinapokula. Ukikuta ampea 18, zidisha kwa 12. Ni wati 216. Boksi limeandikwa 500! Aliyebadilisha saplai ya namna hiyo kwa nyingine ya namna hiyo iliyoandikwa 750 amenunua uongo mkubwa zaidi, basi.

Mwingine huja na ushahidi: ameichomeka saplai peke yake ukutani, feni haijazunguka, kwa hiyo imekufa. Haijafa, hakuna aliyeipa amri. Yule anayeunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya naye, feni ikizunguka, amejua kwamba inaamka. Kama itabeba mzigo, hajajua. Na asiwepo wa kuifungua saplai yenyewe "aangalie ndani": kapasita zake zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Sasa fanya hivi, kwa mpangilio huu. Kagua swichi ya ukutani, ekstensheni, fyuzi ya plagi. Swichi ya nyuma ya saplai iwe upande wa I, si O. Ikiwa na kiswichi chekundu cha 115 na 230, kiwe 230. TANESCO hawana 115. Chomoa plagi ya ukutani, kisha shindilia plagi ndefu ya pini 24 mpaka ilie. Halafu ile ya prosesa, ya pini 8 au 4, pembeni mwa prosesa: ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ile ya kadi ya picha si mbadala wake. Nyaya za saplai nyingine usizitumie hata zikiingia, zinaweza kuunguza. Rudisha umeme, gusanisha kwa ncha ya bisibisi pini mbili za kitufe kwenye mazabodi. Ikiwaka, tatizo ni kitufe au waya wake. Bado kimya? Chomoa tena, toa mazabodi nje ya kasha, huenda kinguzo cha shaba kilichozidi kinaigusa kwa chini. Ilaze juu ya boksi lake la karatasi, si juu ya mfuko wake unaong'aa, maana huo unaweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa, feni yake na ramu moja, ujaribu tena. Ikishindikana, azima saplai nzima ya mwenzako kabla ya kutoa hela.

Na kama feni zinazunguka ila kioo ni cheusi, hilo ni swali jingine. Anza kwa kuangalia kama waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye mazabodi, hasa kama prosesa yako haiwezi kutoa picha yenyewe.

Wale wanne wa wiki hii? Wawili walisahau plagi ya prosesa. Mmoja swichi ya nyuma ilikuwa kwenye O. Wa nne saplai yake ilikuwa mbovu kweli. Nilimfungia ya wati 450, ndogo kuliko aliyokuja nayo, na mashine ikawaka.