Mgonjwa wa Ini Asiyelala Usiku

Katika nyumba yenye mgonjwa wa ini, mara nyingi usiku husikika hatua za mtu anayezunguka ukumbini ilhali wenzake wamelala. Kukicha, mtu huyo husinzia hata kijiko kikiwa mkononi. Jamaa humwita mvivu, au humshuku kuwa amepagawa. Laiti wangalijua kwamba huenda hali hiyo ina sababu ndani ya mwili, na kila sababu ina tiba yake.

Ya kwanza ni ini lenyewe. Giza likiingia, mwili hutoa homoni ya usingizi iitwayo melatonini, kisha ini huiondoa. Ini lililojaa makovu huiondoa polepole, hata ikasalia damuni mchana. Nayo amonia itokayo matumboni haisafishwi ipasavyo, ikafika ubongoni. Kugeuka kwa usiku na mchana huweza kuwa dalili ya mapema ya ubongo kulemewa, kabla ya mikono kutetemeka na maneno kuchanganyika. Daktari na aambiwe, wala isingojewe siku ya kliniki.

Hapa ndipo huruma huponza. Mgonjwa hununuliwa vidonge vya usingizi, au dawa ya mafua inayosinziza. Ini lile lile dhaifu ndilo linalopaswa kuvivunja. Vikikawia mwilini, usingizi huweza kuwa kupoteza fahamu. Pengine anachohitaji ni laktulozi, dawa tamu ya maji inayotoa amonia kwa njia ya choo. Akienda choo laini mara 2 au 3 kwa siku, dawa inafanya kazi. Asiiache kwa kuona haya.

Sababu ya pili ni miguu isiyotulia, hali aliyoieleza tabibu Mwingereza Thomas Willis mwaka 1672. Mtu hushikwa na hamu isiyozuilika ya kuisogeza miguu kila akikaa au akijinyoosha. Huzidi jioni, hupoa akitembea. Msuli kujikaza ukawa mgumu kama jiwe ni jambo jingine, ingawa nalo huwapata sana wagonjwa hawa. Miguu isiyotulia mara nyingi hufungamana na upungufu wa madini ya chuma. Hata hivyo mgonjwa asijinunulie vidonge vya chuma: yapo maradhi ya ini yanayoletwa na chuma kilichozidi, na kipimo cha feritini huweza kupanda kwa sababu ya uvimbe wa ini huku akiba ya chuma ni haba. Na ile dawa ya mafua huichochea miguu zaidi.

Nyumbani, kahawa ikome adhuhuri. Miraa na muguka, kwa rai yangu, viachwe kabisa. Asubuhi mgonjwa aketi penye mwanga. Kabla ya kulala ale mkate au uji, kwani ini lenye makovu halina akiba ya kumfikisha alfajiri. Kwa sababu hiyo hiyo, suala la saumu ya Ramadhani lizungumzwe na daktari mapema, si usiku wa kuandama mwezi.

Akichanganyikiwa, akishindwa kuamshwa, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.