Tovuti ya Wakili na Mkulima wa Rhotia

Mkulima wa Rhotia anapogombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba, safari yake ya kutafuta haki huanzia karibu na nyumbani: Baraza la Ardhi la Kijiji, kisha Baraza la Kata. Mbele ya Baraza la Kata wakili haruhusiwi kusimama kwa niaba ya mtu. Tena, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza hilo halihukumu bali hupatanisha tu. Upatanishi ukishindikana ndipo shauri liendapo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mjini Karatu. Asiyeridhika na hukumu itolewayo hapo ana siku 45 za kukata rufani Mahakama Kuu.

Maelezo hayo machache ndiyo tungetaraji kuyakuta mwanzoni kabisa mwa tovuti ya ofisi ndogo ya mawakili inayohudumia wananchi wa upande huo. Kwa bahati mbaya, tovuti nyingi za mawakili tulizozitazama hufunguka kwa picha ya mizani, zikafuatiwa na sifa zilizoandikwa kwa Kiingereza kizito. Mwananchi hajui aje na hati zipi, mazungumzo ya kwanza yanalipiwa kiasi gani, wala kama shauri lake lahitaji wakili hata kidogo. Anapobabaika hivyo siku 45 zinayoyoma, au anaangukia mikononi mwa kishoka aliyevaa suti.

Hata sisi wa visiwani jambo hili latugusa. Tuseme mfanyabiashara wa Unguja amelipia vitunguu vya Mang'ola, ambayo nayo imo wilayani Karatu, na mzigo usifike. Hawezi kuvuka bahari na kupanda mlima kwa ajili ya kuuliza tu. Kwake yeye tovuti ndiyo mlango wa ofisi. Hana budi kuoneshwa jina kamili la wakili, ili alihakikishe katika orodha ya mawakili ambayo Mahakama ya Tanzania imeiweka mtandaoni kwa mfumo wa e-Wakili. Aambiwe pia wakili huyo ana idhini ya kusimama wapi, kwani mahakama za Bara na za Zanzibar ni mbalimbali hadi zikutanapo katika Mahakama ya Rufani, na kuandikishwa upande mmoja hakumpi mtu haki ya kutetea upande wa pili.

Liko jambo jingine lisilofikiriwa sana. Tovuti humkaribisha mgeni aandike shida yake na kuituma. Katika mji mdogo kama Karatu, yamkini mpinzani wake alikwisha kubisha hodi kwa wakili yule yule jana yake! Kwa hiyo yafaa mgeni aombwe kwanza majina ya pande mbili na aina ya shauri tu; siri zake azihifadhi mpaka wakili athibitishe kwamba hamtumikii mwenzake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inamtaka mpokeaji wa habari za watu azitunze.

Wapo mawakili wanaohofu kwamba kuandika hivyo ni kujitangaza, na ni kweli kwamba kanuni za maadili yao za mwaka 2018 zinawawekea mipaka. Lakini kumweleza mkulima njia ya kwenda barazani si kunadi bidhaa. Kujiita bingwa asiyeshindwa ndiko kunadi.

Kwa upande wa Serikali, sheria ilikwisha tamka mwaka 2021 kuwa Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo hukumu nyingi zilizowekwa mtandaoni zingali kwa Kiingereza, na wakili mwenye nia njema hana cha kumwelekeza mteja wake akisome. Maofisa wanaohusika waharakishe tafsiri, wakianza na mashauri ya ardhi.

Na nambari ya simu iwekwe juu ya ukurasa. Mtu wa Rhotia atapiga kabla ya kuandika.